Injini ya Pili Hupimwa kwenye Mizani

Abiria akiiona ndege ya injini mbili imeegeshwa kwenye uwanja wa Arua, hesabu inayomjia ni rahisi: moja ikizimika, nyingine ipo. Hesabu hiyo ina ukweli ndege ikiwa imeshafika juu, imetulia, na ina anga tele chini yake. Katika dakika ya kwanza baada ya magurudumu kuacha ardhi, mambo ni mengine kabisa. Hapo injini ya pili inaweza kumwokoa abiria, inaweza kuirefusha tu safari ya kushuka, na ikishikwa vibaya inaweza kuipindua ndege. Lipi kati ya hayo matatu litatokea huamuliwa, kwa sehemu kubwa, na mambo yaliyokwisha kufanyika ardhini: mizigo iliyopimwa, saa iliyochaguliwa, urefu wa njia ya kurukia, na yale ambayo rubani aliyasema kabla ya kusukuma nguvu.

Watu wa West Nile, eneo la Arua kaskazini-magharibi mwa Uganda, wana sababu ya kulifahamu jambo hili. Barabara ya Kampala hadi Arua ni ya karibu kilomita 500, na ina sehemu moja ambayo haina mbadala mzuri: daraja la Karuma. Katika miaka ya 1990, mashambulizi ya waasi wa LRA kwenye barabara ya Karuma na Pakwach yaliwafanya wengi wenye uwezo kuchagua ndege. Mwaka 2024 daraja la Karuma lilifungwa kwa miezi kadhaa ili likarabatiwe, na watu wakakumbuka tena thamani ya safari ya saa moja kutoka Entebbe. Kwa miaka mingi safari hiyo ilifanywa na Let L-410 za Eagle Air, ndege za injini mbili zilizoundwa Czechoslovakia, zenye viti visivyozidi 19. Msafiri wa Koboko huteremka kilomita kama 55 hadi Arua ili kuipanda ndege. Mfanyabiashara, mgonjwa, mfanyakazi wa shirika la misaada anayekwenda kwenye kambi ya Bidi Bidi, wote hupita kwenye mizani ileile, na wengi hunung'unika begi likirudishwa.

Manung'uniko hayo yanaeleweka. Lakini mizani ile ndiyo hatua ya kwanza ya kukabiliana na injini iliyozimika, na makala haya yataeleza kwa nini.

Nusu inayopotea si nusu

Ndege haipandi kwa nguvu zote za injini zake. Sehemu kubwa ya nguvu hutumika kuishikilia tu angani dhidi ya ukinzani wa upepo. Inayoipandisha ni ile ziada inayobaki.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Tuseme injini mbili kwa pamoja zinatoa nguvu 100, na ndege inahitaji 40 ili iende sawasawa bila kupanda wala kushuka. Ziada ni 60. Injini moja ikizimika, nguvu zinabaki 50. Wakati huohuo mahitaji yanaongezeka: propela iliyokufa inakinga upepo, na mwili wa ndege unakwenda kidogo upande upande badala ya kuchana hewa moja kwa moja. Tuseme mahitaji yamefika 43. Ziada sasa ni 7. Ndege imepoteza nusu ya nguvu zake, lakini uwezo wake wa kupanda umeshuka kutoka 60 hadi 7, yaani karibu sehemu tisa kati ya kumi zimetoweka. Ongeza magunia mawili ya ziada kwenye sehemu ya mizigo, na ile 7 inaweza kuwa sifuri au chini ya sifuri.

Kanuni za kimataifa za kuidhinisha ndege zinaukiri ukweli huu. Ndege kubwa za abiria za injini mbili lazima zithibitishe kwamba, injini moja ikiwa imezimika na magurudumu yamekunjwa, zinapanda angalau asilimia 2.4: mita 24 juu kwa kila mita 1,000 mbele. Si nyingi. Baada ya kilomita tano ndege ingekuwa juu kwa mita 120 tu. Anayeijua West Nile, na vilima vyake kama Wati upande wa Terego na Liru kule Koboko, ataona kwa nini rubani anatakiwa kujua mapema ataelekea wapi.

Kwa ndege ndogo kanuni ni legevu zaidi. Kwa miongo mingi, ndege za injini mbili zenye uzito usiozidi kilo 2,722 na zinazoweza kutua polepole hazikulazimishwa kuweza kupanda kwa injini moja hata kidogo. Mtengenezaji alitakiwa tu kupima na kuandika kitabuni kinachotokea. Kikiandikwa kwamba ndege inashuka, basi inashuka, na bado inauzwa kihalali ikiwa na injini mbili.

Jua la saa saba linavyoinua uwanja

Uwanja wa Arua uko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Namba hiyo iko kwenye ramani na haibadiliki. Namba inayobadilika ni ile ambayo bawa, propela na injini huihisi, kwa sababu hewa yenye joto ni nyepesi kama hewa ya mahali palipoinuka zaidi.

Marubani wana kanuni ya kukadiria. Kwenye mwinuko wa Arua, joto linalochukuliwa kuwa la kawaida katika majedwali ni kama nyuzi 7 za Selsiasi. Kila nyuzi moja inayozidi hapo ni sawa na kuuinua uwanja kwa mita 36 hivi. Asubuhi yenye nyuzi 19, ndege inaruka kana kwamba uwanja uko karibu mita 1,630. Mchana wa Februari, joto likifika nyuzi 32, zidisha 25 kwa 36 upate 900. Ndege ileile, kwenye njia ileile, sasa inaruka kana kwamba uwanja uko mita 2,100, juu sana kuliko Nairobi.

Hewa hiyo nyepesi inaiumiza ndege mara tatu. Bawa linahitaji mwendo mkubwa zaidi juu ya ardhi ili linyanyue uzito uleule, kwa hiyo mbio za kurukia zinakuwa ndefu. Propela inashika hewa kidogo. Na injini ya pistoni isiyo na kisukuma hewa hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300, hivi kwamba kwenye mita 2,100 imekwisha kupoteza karibu moja ya tano ya nguvu kabla ya chochote kuharibika.

Mfano mmoja unatosha. Piper Seminole ni ndege ya injini mbili inayotumiwa sana na shule za urubani duniani. Kitabu chake kinasema kwamba, ikiwa imejaa na injini moja imezimika, dari yake ya kazi ni futi 3,800, yaani mita 1,160 hivi, tena katika hewa ya kawaida. Hiyo ni chini ya usawa wa uwanja wa Arua. Kwa maneno mengine, Seminole iliyojaa ikiwa bado imesimama Arua imeshapita dari yake ya kazi ya injini moja. Injini ikizimika baada ya kuruka, iliyobaki haitaipandisha. Itampa tu rubani muda kidogo zaidi wa kuchagua mahali pa kutua.

L-410 ni ndege ya aina nyingine. Ina injini za tabo zenye nguvu zaidi, na waundaji wake waliifikiria hali hii. Injini moja ikifa, propela yake inaweza kujigeuza yenyewe ili mapanga yaukabili upepo kwa makali na yasiukinge. Kibao kidogo pia huinuka chenyewe juu ya bawa la upande wa injini inayofanya kazi, ili kulizuia bawa hilo lisipande na kuipindua ndege. Lakini hata vifaa hivyo vimepimwa kwa uzito na joto fulani. Uzito ukizidi jedwali, ahadi ya jedwali inakoma.

Kwa nini ndege hupinduka

Kupungua kwa nguvu ni tatizo la kwanza. La pili ni baya zaidi kwa sababu huja haraka: nguvu zilizobaki zote ziko upande mmoja.

Mtumbwi wenye wapiga kasia wawili, mmoja kushoto na mmoja kulia, ukimpoteza mmoja hugeuka kuelekea upande ule usio na mpigaji, na anayebaki akizidi kuvuta kwa nguvu ndivyo unavyozidi kugeuka. Ndege nayo hugeuza pua kuelekea injini iliyokufa. Bawa la upande wa injini hai linakwenda mbele, linanyanyuka, na ndege inaanza kulala ubavu.

Silaha ya rubani ni usukani ulio kwenye mkia, unaosukumwa kwa pedali za miguu. Usukani huo hufanya kazi kwa upepo unaoupitia, na upepo ni kasi. Kwa hiyo kila ndege ya injini mbili ina kasi ambayo chini yake usukani, hata ukikanyagwa hadi mwisho, hauwezi kushindana na injini inayovuta upande mmoja. Kwenye kipima kasi cha ndege ndogo, kasi hiyo huwekwa mstari mwekundu. Juu yake kuna mstari wa buluu: kasi inayompa rubani upandaji bora kabisa ambao injini moja inaweza kutoa. Kati ya mistari hiyo miwili ndimo mnamoamuliwa uhai.

Kosa la kibinadamu linaeleweka hapa. Ndege haipandi, miti inakaribia, na mkono unavuta pua juu. Pua ikiinuka, kasi inashuka kutoka buluu kuelekea nyekundu. Ikifika nyekundu wakati injini hai iko kwenye nguvu zote, ndege inapinduka ndani ya sekunde chache, na kwenye mita 60 hakuna nafasi ya kuiinua tena. Dawa yake inakwenda kinyume na silika: shusha pua ilinde kasi, na ikiwa bado inapinduka, punguza nguvu ya injini nzima.

Mwinuko wa mahali kama Arua unaongeza mtego mwingine kwa ndege za pistoni. Kwa kuwa injini inatoa nguvu kidogo kwenye hewa nyepesi, inavuta upande kwa nguvu kidogo, na mstari mwekundu halisi unashuka. Linasikika kama jambo jema. Lakini kasi ambayo bawa lenyewe huacha kubeba, kama inavyosomeka kwenye kipimo, haishuki. Kasi hizo mbili zinakaribiana, na zikikutana, rubani hapati onyo la ndege kugeuka kabla ya bawa kuacha kubeba. Yote mawili yanatokea pamoja, na ndege huingia kwenye mzunguko wa kuanguka.

Kazi ya sekunde kumi

Mafunzo ya marubani kote duniani yanafuata mpangilio unaofanana. Kwanza, ishike ndege: kanyaga pedali hadi pua inyooke, inamisha ndege kidogo, nyuzi mbili au tatu na zisizozidi tano, kuelekea injini nzima, na ulinde kasi. Pili, nguvu zote mbele kwenye nyenzo zote mbili, kwa sababu bado hujathibitisha ni ipi iliyokufa. Tatu, kunja magurudumu na flapu zinazokinga upepo. Nne, tambua: mguu usio na kazi uko upande wa injini isiyo na kazi. Tano, hakikisha: rudisha polepole wenzo wa injini unayoishuku. Kama ndege haikubadilika, umepata yenyewe. Ndipo unageuza mapanga yake na kuizima.

Hatua ya tano inaonekana kama kupoteza muda. Mnamo 4 Februari 2015, ATR 72 ya TransAsia iliruka kutoka Taipei ikiwa na watu 58. Hitilafu kwenye kifaa cha kugeuza propela iliifanya injini ya kulia ipoteze msukumo. Rubani akarudisha wenzo wa injini ya kushoto, iliyokuwa nzima, na baadaye ikazimwa. Kosa lilipogunduliwa, mwinuko ulikuwa umekwisha. Ndege iligonga barabara ya juu na kuanguka kwenye mto Keelung, na watu 43 walikufa. Ile ilikuwa ndege iliyoidhinishwa kupanda kwa injini moja, nayo ilikuwa na injini moja nzima. Kilichokosekana ni sekunde tatu za kuhakikisha.

Kabla ya sekunde hizo kumi kuna uamuzi mwingine, ambao ni mgumu zaidi kwa sababu unakwenda kinyume na safari yenyewe: kutoruka. Kwa kila safari ya ndege kubwa huhesabiwa kasi ya uamuzi. Kabla ya kasi hiyo, hitilafu ikitokea, ndege husimamishwa. Baada yake, njia iliyobaki haitoshi kusimama, na ndege huendelea angani. Mnamo 2 Julai 2014, Fokker 50 ya mizigo, ya injini mbili, ilikuwa ikiondoka Nairobi kuelekea Mogadishu na shehena ya miraa. Wachunguzi wa Kenya walikuta kwamba wafanyakazi wake waliianza safari wakijua ndege ina hitilafu, na hawakukatisha mbio ingawa milio ya tahadhari iliendelea mfululizo. Ndege ilianguka kwenye jengo huko Embakasi, na wote wanne waliokuwamo walikufa. Njia ya uwanja wa Jomo Kenyatta, ilikoondokea, ina urefu wa zaidi ya kilomita 4. Nafasi ya kusimama ilikuwepo.

Kwa hiyo marubani makini husema kwa sauti, kabla ya kuanza mbio, watakachofanya. Kwa ndege ndogo maneno hayo huwa na ngazi tatu. Hitilafu ikitokea magurudumu yakiwa bado chini, nguvu zinarudishwa na breki zinakanyagwa. Ikitokea hewani huku njia ikiwa bado ipo mbele, au kasi ya buluu haijafikiwa, nguvu zote mbili zinarudishwa na ndege inatua mbele moja kwa moja, hata kama ni shambani. Ikitokea baada ya hapo, na majedwali ya siku hiyo yanasema ndege itapanda, ndipo inaendelea. Ngazi ya pili ndiyo ngumu kuikubali moyoni: kuzima injini nzima kwa hiari na kwenda kutua kwenye mihogo. Lakini ndege inayotua shambani ikiwa imenyooka na ina mwendo mdogo mara nyingi hutoa watu wakiwa wazima. Ndege inayogonga ardhi ikiwa imepinduka haitoi.

Hapa pia ndipo panapoeleweka kwa nini Cessna Caravan za shirika la MAF, zinazoruka kutoka Kajjansi kwenda viwanja vya kaskazini, zina injini moja tu bila ya kuwa uzembe. Injini yake ya tabo ina sifa ya kutegemewa, na Caravan inaweza kwenda polepole, kama kilomita 113 kwa saa, kabla bawa halijaacha kubeba. Injini ikizimika rubani hana cha kuchagua: anashusha pua na kutua mbele. Ndege ya injini mbili inampa uwezo mkubwa zaidi, na pamoja nao inampa nafasi ya kukosea.

Kazi ya wasiokuwa marubani

Yote haya yanarudi kwa watu watatu ambao hawakai kwenye chumba cha rubani.

Wa kwanza ni abiria. Anayeficha kilo kumi kwenye begi la mkononi, au anayemsihi mhudumu aliyemzoea apitishe katoni moja zaidi, anaila ile ziada ndogo ya hesabu yetu ya juu. Pale ziada ikiwa 7, kuitii mizani si adabu tu. Na safari inayopangwa saa mbili asubuhi badala ya saa nane mchana imeuteremsha uwanja wa Arua kwa mamia ya mita bila gharama yoyote.

Wa pili ni mwenye ndege. Rubani anayelazimika kuchagua kati ya kuacha abiria wanne na kumkera bosi ameshapoteza sehemu ya uamuzi wake kabla ya kuwasha injini. Ajali ya Embakasi haikuanzia kwenye njia ya kurukia. Ilianza pale watu walipokubali kuruka na hitilafu waliyoijua. Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uganda hukagua leseni na vyeti, lakini kinachopaswa kuulizwa kwa ukali zaidi ni nani aliyewahi kusifiwa kazini kwa kukataa kuruka.

Wa tatu ni wapanga mji, na hapa Arua ina jambo la haraka. Ilipewa hadhi ya jiji mwaka 2020, na inajengwa kila upande. Ardhi iliyo mbele ya ncha za njia ya kurukia ndiyo nafasi ya ile ngazi ya pili: mahali ambapo ndege isiyoweza kupanda hutua ikiwa imenyooka. Goma imeonyesha kinachotokea nafasi hiyo ikijaa nyumba. Njia yake ilikuwa imefupishwa na lava ya Nyiragongo ya mwaka 2002. Mnamo 15 Aprili 2008, DC-9 ya Hewa Bora ilishindwa kuruka, ikapita mwisho wa njia na kuingia kwenye mtaa wa Birere. Walikufa watu wapatao 40, wengi wao wakiwa ardhini. Mnamo 24 Novemba 2019, Dornier 228 ya injini mbili ya Busy Bee, iliyokuwa ikielekea Beni, ilianguka juu ya makazi ya mji huohuo punde baada ya kuruka, na watu zaidi ya 20 walikufa, wakiwamo waliokuwa majumbani mwao.

Birere ilijengwa nyumba moja moja, kwa vibali na bila vibali, na hakuna aliyeweka tofali akidhani anaziba njia ya dharura. Viongozi wa jiji la Arua bado wana nafasi ya kuchora mstari kwenye ncha zote mbili za uwanja na kuulinda: mashamba yabaki mashamba, shule na masoko yaende kwingine. Hakuna rubani, hata awe hodari vipi, anayeweza kulifanya hilo akiwa hewani na injini moja.